Konzi ya Mungu

Mandalay, Jumatatu, 3 Juni

Dada Sui Par,

Anayekupa barua hii huhitaji kuambiwa ni nani, ingawa ulipomwona mara ya mwisho alikuwa anakufika kiunoni. Ndiye Van Lian, mwanangu. Sasa ana miaka ishirini na hakuna mlango asioinama kuingia.

Wiki iliyopita walipiga kura ya vijana wa kwenda jeshini, na jina lake likatoka. Mwenye nyumba amenitonya leo kabla hawajaja. Nampakia kwenye lori la kabichi la Pu Hmung usiku huuhuu, na sijui hata kama nimemfungia nguo za kutosha. Mtoto wa jirani yangu alichukuliwa mwezi wa nne. Mama yake hajasikia neno tangu hapo, na kila asubuhi anafagia mlango wake kama mtu anayengoja mgeni.

Dada, mfiche. Sina mtu mwingine. Huko kwetu Lungzawl hakuna anayemkumbuka, na nyumba yako iko mwisho wa kijiji. Asionekane na mtu. Si mchungaji, si kwaya, si Pi Tha Sung na kikapu chake. Najua wewe ukiulizwa jambo hujui kuzungusha maneno, kwa hiyo fanya usiulizwe.

Kuanzia leo tukiandikiana tumwite mbuzi. Barua hii ichome.

Mdogo wako,
Ngun Zi


Lungzawl, Jumamosi, 22 Juni

Zi, mdogo wangu,

Mbuzi amefika. Alikuwa amelowa mpaka kwenye mifupa, nikamkalisha jikoni akakauka, kisha akala chungu kizima cha ugali wa mahindi na kuniuliza kama kuna kingine. Mbuzi gani huyu uliyenifugia? Anakoroma hata mchana. Nimemweka darini juu ya meko, nyuma ya mahindi ya mbegu, na mtu akipita njiani naanza kuimba ili kisisikike kitu. Majirani lazima wanadhani uzee umenipanda kichwani.

Usicheke. Nimefurahi. Tangu marehemu shemeji yako aondoke sijasikia mtu akitafuna ndani ya nyumba hii ila mimi mwenyewe.

Habari za huku si nzuri. Wale askari wamejenga kambi kule chini penye daraja. Mwezi wa nne walimchukua Hrang, mtoto wa Pi Tha Sung, akiwa anatoka sokoni na mama yake amemshika mkono. Tangu hapo Pi Tha Sung anashuka kambini na chakula. Safari nyingine wanamruhusu kumwona mwanawe, nyingine hapana. Watu wananong'ona kwamba anaporuhusiwa ni kwa sababu amewapelekea kitu zaidi ya chakula. Mimi sijui. Najua tu kwamba bado ndiye anayezunguka kila Jumamosi kukusanya vibuyu vya mchele wa kanisa, na kwamba hakuna mlango wa Lungzawl asioufungua bila kubisha.

Leo amekuja kwangu. Amekinyanyua kibuyu changu pale kinaponing'inia kando ya meko, amekipima mkononi, akasema, "Pi Sui Par, kibuyu chako kimenenepa." Nikamwambia Mungu ni mwema. Akatazama juu, darini, kisha akatazama chini, akatia kibuyu kwenye kikapu chake na kwenda zake.

Unakumbuka mama alivyotufundisha: kabla maji hayajagusa mchele, kila anayekula, konzi yake ya kujaa kiganja itengwe kibuyuni, ni ya Mungu. Nilikuwa natenga moja. Sasa natenga mbili. Na wewe huko mjini bado unatenga? Hujanijibu hilo tangu mwaka juzi.

Dada yako,
Sui Par


Mandalay, Jumanne, 9 Julai

Dada,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, ikabidi nikae.

Unatenga mbili? Wewe mjane, unayejulikana na kijiji kizima kwamba unakula peke yako? Dada, kibuyu kina jina lako ubavuni! Kinawekwa mbele ya kanisa zima kila Jumapili kabla ya kumiminwa! Kibuyu cha mtu mmoja kinafika nusu, na cha kwako kinafika shingoni. Mtoto wa shule ya Jumapili anaweza kuhesabu hapo. Ungekuwa umepaka chokaa ukutani "hapa pana mbuzi" usingesema wazi zaidi.

Na aliyekinyanyua ni Pi Tha Sung. Mwanamke ambaye mwanawe yuko mikononi mwao. Ningekuwa mimi, ningewapa nini ili nimwone wangu? Sitaki kujijibu. Ndiyo maana namwogopa.

Toa konzi moja. Moja tu, kama zamani. Mungu halali njaa kwa sababu ya konzi ya mchele, na akitaka nyingine mwambie mimi nitalipa. Usinihubirie, tafadhali. Fanya tu.

Nimempa Pu Hmung soksi na dawa ya kikohozi akuletee. Mwambie mbuzi asivue soksi usiku.

Ngun Zi


Lungzawl, Jumamosi, 27 Julai

Zi,

Nimekasirika, nimelia, kisha nimefanya ulivyosema. Niruhusu nikuambie kwa nini nilikasirika.

Kila asubuhi namwombea mtoto wako. Namwambia Mungu: mwone huyu, yuko hapa, mlinde. Kisha nashuka kwenye meko, nachota konzi moja, na hapo ni kama nimemwambia Mungu huyohuyo: nyumba hii ina mtu mmoja tu, usihangaike kutazama darini. Nimwombe amwone kwa mdomo na kumficha kwa mkono? Watu wanaweza kudanganywa, Zi, na mimi sina ugomvi mkubwa na hilo, ingawa ulimi wangu haujazoea. Lakini konzi siwapi watu.

Basi nimefanya hivi. Konzi yangu naitia kwenye kibuyu. Ya kwake naitia kwenye mtungi ulio chini ya kitanda, mpaka mambo yatulie. Sijaila, na sitaila, maana iliyokwisha kutengwa si yetu tena. Lakini kila nikiinama kuchukua ufagio nauona ule mtungi, na najisikia mwizi. Mbuzi mwenyewe ameniuliza: "Mama mkubwa, mimi nimehesabiwa wapi siku hizi?" Nikamwambia anyamaze ale.

Sasa sikiliza hili. Jumapili mbili zilizopita sajini wa kambi amekuja kanisani. Ni mtu wa milimani kama sisi, wa bonde la pili, anaongea lugha yetu bila kujikwaa. Aliacha bunduki na vijana wake nje, akavua kofia, akakaa kiti cha mbele upande wa wanaume. Anaimba besi, Zi, sauti nzuri ya kutoka tumboni, na nyimbo zote anazijua bila kitabu. Baada ya ibada alikuja kuvitazama vibuyu mezani. Akasema mama yake ndiye aliyekuwa mkusanyaji kijijini kwao, na yeye alikua akimbebea kikapu. "Nilikuwa najua nyumba iliyopata mtoto kabla ya mkunga," akasema, akicheka. Wote tukacheka naye. Mimi nilicheka mpaka meno yakakauka.

Na leo Pi Tha Sung alipokuja, alikipima kibuyu changu tena. Akanikazia macho. Akasema kwa sauti ya chini, "Pi Sui Par, usibadilishe chochote. Toa kama ulivyokuwa unatoa." Kwa nini aseme hivyo? Anataka nini kwenye kibuyu changu? Ulikuwa sahihi kumwogopa. Nami sasa namwogopa.

Sui Par


Lungzawl, Jumamosi, 3 Agosti

Mdogo wangu,

Naandika haraka, Pu Hmung anapiga honi.

Usinikasirikie. Nimeurudisha mchele wa Mungu, wote.

Pi Tha Sung hayupo. Ameshuka kambini tangu Alhamisi, inasemekana Hrang anaumwa, na hatarudi mpaka wiki ijayo. Vibuyu vinakusanywa na wasichana wa kwaya, ambao hata ukiwapa jiwe watabeba huku wakipiga soga. Nikaona huo ni mlango ambao Bwana amenifungulia. Nimeutoa mtungi chini ya kitanda nikaumimina kwenye kibuyu mpaka kikajaa pomoni, na uliobaki nimeufunga kwenye kitambaa na kukifungia shingoni mwake. Mbuzi alinisaidia kufunga fundo. Alisema, "Leo nimehesabiwa," tukacheka kama wendawazimu.

Zi, mzigo umenitoka kifuani. Sijui nikueleze vipi. Tangu mwezi jana nilikuwa naomba na maneno yananirudia usoni, lakini leo nimeomba yakaenda.

Yule mwenye macho ya kupima hayupo. Wiki hii hakuna wa kuona.

Dada yako akupendaye,
Sui Par


Mandalay, Jumatano, 7 Agosti

Dada,

Sijapata barua yako tangu ile ya tarehe 27. Lori la Pu Hmung limekwama kwenye maporomoko ya udongo, kwa hiyo hii nampa kijana wa pikipiki, na nimemwomba kwa machozi aifikishe.

Jana nimekutana na mama mmoja wa bonde la pili hapa kwenye nyumba ya kufulia ninakofanya kazi. Nimemuuliza kuhusu huyo sajini anayeimba besi. Aliacha kukunja shuka. Akaniambia kule kwao wala hampigii mtu kelele. Anakuja kanisani, anaimba, anasalimia wazee, kisha anatazama. Nyumba moja aliijua kwa sababu mama alinunua wembe wa kunyolea ndevu wakati mumewe amekufa. Nyingine kwa nguo alizozihesabu kambani. Anajua tunavyoishi kwa sababu ndivyo anavyoishi yeye.

Dada, niliogopa mtu mmoja, sasa naogopa wawili. Pi Tha Sung anataka utoe kama zamani ili sajini aone, sasa naelewa. Huyo mama ameuza wangu ili apewe wake. Mungu anisamehe kama namsingizia, lakini kama ni kweli, asimsamehe yeye.

Nakuomba kwa jina la mama yetu. Usiuguse ule mtungi. Uache chini ya kitanda. Najua unakuwasha mkono. Mungu anamwona Lian hata darini, hata bila konzi. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo nilipokuwa mdogo na kuogopa giza.

Nijibu hata neno moja.

Ngun Zi


Lungzawl, Jumatatu, 19 Agosti

Ngun Zi, binti yangu,

Hii si hati ya dada yako, umeshaona. Ni mimi, Pi Tha Sung. Naandika wazi kwa sababu barua hii inakuja mkononi mwa mke wa mchungaji mwenyewe, anayeshuka mjini kutibiwa macho. Ukimaliza kusoma, ichome mbele yake.

Kwanza lile unalolitaka: mwanao yu hai. Amevuka. Yuko ng'ambo ya mto wa mpakani kwa watu wa kanisa, na wamenitumia salamu kwamba anakula sana. Sasa kaa chini, nikuambie mengine.

Barua yako ya tarehe 7 ilifika nyumba ikiwa tupu, nikaifungua mimi. Umeniandika vibaya humo. Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningeandika vibaya zaidi.

Nimebeba vibuyu vya kijiji hiki tangu ujana wangu. Nilijua Jumamosi ile ya kwanza kwamba dada yako ana mtu, na nilijua ni mwanamume kijana, maana mashavu ya dada yako yalikuwa yamepungua huku kibuyu chake kikinenepa. Sikumwambia. Ningemwambia nini? Angeulizwa kama kuna anayejua angesema ndiyo. Nilichofanya ni hiki. Pale njia inapopinda kabla ya kanisa kuna jiwe. Nilikuwa naketi hapo kama mtu aliyechoka, napunguza cha kwake, naongeza vya wengine, mpaka vyote viwe vya kawaida. Mchele wote ulifika kwa Mungu, haikupotea hata punje. Dada yako angenigombeza kwamba nadanganya, na labda nadanganya.

Alipoanza kutoa moja niliogopa. Dada yako hali kilicho cha Mungu, kwa hiyo konzi ya pili alikuwa anailimbika mahali, na ipo siku angeitoa yote kwa mkupuo. Ndiyo maana nilimwambia asibadilishe kitu. Alinitazama kama anayetazama nyoka. Nilidhani nimemwelewesha, kumbe nimemtisha.

Alhamisi ile waliniita kambini kwamba Hrang ana homa. Nilikaa naye mpaka Jumapili alfajiri walipokuja kunifukuza. Nikapanda mlima moja kwa moja nikiwa na kikapu changu. Nilipofika mlangoni mwa kanisa walikuwa wimbo wa pili. Nikaviona vibuyu mezani, kila kimoja kimefika kiasi cha watu wa nyumba yake, na cha dada yako kimejaa mpaka mdomoni, na kitambaa chenye mchele kimefungwa shingoni mwake. Jiwe lilikuwepo, mimi ndiye sikuwepo.

Sajini alikuwa ameacha kuimba.

Wimbo ulipokwisha alisimama, kofia mkononi, akauliza kwa adabu kabisa: "Shangazi Sui Par, samahani. Siku hizi unakula na nani?"

Dada yako alikuwa kiti cha tatu. Akasema, "Mwanangu, tuko mbele za Mungu. Ngoja tuombe kwanza, kisha nitakujibu." Na yule mtu, kwa sababu alilelewa na mama kama sisi, akakaa.

Mchungaji akasema tuombe. Wewe umekaa mjini siku nyingi, lakini hujasahau tunavyoomba: wote kwa pamoja, kila mtu na maneno yake, kwa sauti yote aliyojaliwa, macho yamefumbwa. Sijawahi kusikia watu wakiomba vile. Mabati yalikuwa yanaitika. Nikamtazama sajini. Alikuwa amefumba macho, naye anaomba, midomo inacheza.

Nilikuwa bado mlangoni. Nikageuka nikakimbia.

Mwanao aliponiona nikipanda ngazi ya dari alidhani nimekuja kumkamata, akanishika mkono kwa nguvu, una alama mpaka leo. Nikamwambia, "Mimi ndiye ninayebeba konzi yako." Akaniachia. Nilimvalisha koti na viatu vya Hrang nilivyokuwa navyo kikapuni, maana kule kambini walikuwa wamenirudishia wakisema hatavihitaji. Sijauliza kwa nini hatavihitaji. Nimemshusha kwa njia ya wachoma mkaa. Nyuma yetu maombi yalikuwa bado yanasikika. Hawakuacha, Ngun Zi. Waliomba mpaka sauti zikawakauka, kila mtu akiogopa kuwa wa kwanza kusema amina.

Haya yaliyofuata nimesimuliwa. Ilipofika amina, dada yako alisimama bila kungoja kuulizwa. Akasema, "Nilikuwa nakula na mtoto. Konzi mbili, moja yangu na moja yake. Alipo sasa hivi sijui." Na ilikuwa kweli, hakujua. Sajini akamwambia angeweza kusema ni mchele wa zawadi, na yeye angemwamini. Dada yako akamjibu, "Mama yako angekuamini?" Askari wakaenda nyumbani kwake, wakakuta dari tupu na soksi zimeanikwa. Wakamshusha kambini akiwa na gauni lake la kanisani.

Sasa napeleka vyakula viwili. Hrang sijaonyeshwa tangu siku ile. Bakuli lake linarudi safi, na sijui nani amelisafisha. Namwombea kila saa, na siku nyingine naomba kwa hasira. Ile siku nilipokuwa namvalisha mwanao viatu, kuna kitu ndani yangu kilikuwa kinapiga kelele kwamba nimrudishe, nimpeleke kwa mkono wangu, nibadilishane. Nakuambia ili ujue kwamba hofu yako haikuwa ya mjinga. Nilifunga kamba za viatu huku kikipiga kelele.

Dada yako pia sijaonyeshwa. Lakini bakuli lake la kwanza liliporudi halikuwa tupu. Pembeni, umefungwa kwenye jani la haradali nililompikia, kulikuwa na wali mkavu, kiasi cha ngumi. Nikadhani anaumwa, hana hamu. La pili likarudi vilevile. La tatu ndipo nikakaa chini njiani nikalia, maana nimebeba kitu hiki maisha yangu yote na bado nilichelewa kukitambua. Walinzi wanampa mlo mmoja kwa siku, na kabla ya kuugusa anatenga. Na si moja, binti yangu. Nimezipima kwa mkono wangu huu. Anatenga mbili.

Nimeanika wali ule juani mpaka ukawa punje tena, nikautia kwenye kibuyu chake. Jana nilipita kwenye jiwe bila kuketi. Nilikiweka mbele pamoja na vingine, na jina lake limegeukia watu.

Sajini alikuwa kwenye kiti chake. Alikitazama kile kibuyu tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Tuliimba nyimbo nne, na besi hatukuisikia.

Wako katika Bwana,
Tha Sung